Vinia inapotoa malengelenge: namna ya kuokoa mlango na kabati kabla ya kuvitupa

Masika yanapokolea, maswali yanayotufikia kutoka Korogwe na Handeni hubadilika. Wakati wa kiangazi watu huuliza habari za milango iliyopasuka. Wakati wa masika huuliza habari za milango iliyovimba. Mmoja anaeleza kwamba kabati lake limetoa uvimbe kama wa mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto. Mwingine anasema meza ya sebuleni imefanya mawimbi, ukipitisha kiganja unahisi hewa chini yake. Halafu linafuata swali lenyewe: kimeoza, nitupe?

Mara nyingi hakijaoza. Kilichotokea ni kwamba vinia, yaani ile ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu, imeachana na mbao iliyo chini yake. Ikiachana katikati huku pembeni ikiwa bado imeshika, huinuka na kufanya lengelenge. Lengelenge likiwahiwa hurekebishwa nyumbani kwa siku moja au mbili, kwa pasi, wembe, bomba la sindano na chupa ndogo ya gundi. Likiachwa, vinia hupasuka, maji hupita kwenye ufa, na kazi ya mchana mmoja inageuka kuwa gharama ya mlango mpya.

Tunaandika makala haya kwa sababu nyingine pia. Vitu vingi vibovu tulivyoonyeshwa viliharibiwa na matengenezo kuliko na maji: vinia iliyopigwa misumari midogo ili "itulie", vinia iliyochunwa kwa patasi ikaachwa kidonda, vinia iliyopigwa mashine ya msasa hadi ikatoboka. Kosa huwa lile lile. Mtu ameshambulia uvimbe kabla ya kuuliza gundi iliyo chini ni ya aina gani na maji yalipita wapi.

Ngozi ya mbao juu ya mbao

Vinia ni mbao halisi. Inayouzwa siku hizi huwa na unene wa takriban nusu milimita, na kwenye plaiwudi ya bei nafuu huwa nyembamba zaidi ya hapo. Zamani ilipasuliwa kwa msumeno, kwa hiyo kwenye fanicha kongwe unaweza kukuta vinia ya milimita 1 au 2. Tofauti hiyo itakuwa na maana kubwa tutakapofika kwenye msasa.

Ufundi wenyewe ni wa kale sana. Katika kaburi la Rekhmire huko Thebes, Misri, michoro ya ukutani ya takriban miaka 3,400 iliyopita inaonyesha maseremala wakibandika vipande vyembamba vya mbao, na chungu cha gundi kikiwa motoni karibu yao. Mpingo waliotumia mafundi wa Misri uliletwa kutoka nchi za kusini mwao. Mwaka 1806 Marc Isambard Brunel alipata hataza nchini Uingereza ya mashine ya kukata vinia, na tangu hapo ikaacha kuwa kitu cha matajiri peke yao.

Kwetu, ukifika Mafinga, wilayani Mufindi, utakuta viwanda vinavyomenya magogo ya mikaratusi na misindano. Gogo linazungushwa mbele ya kisu kirefu, na mbao inatoka kama mkeka unaokunjuliwa. Mikeka hiyo hubandikwa kwa kupishanisha nyuzi, mmoja umelala huku na mwingine kule, nayo ndiyo plaiwudi. Juu kabisa huwekwa vinia ya kupendeza: mninga, mkongo, mkangazi au mtiki. Watu wa Korogwe hawahitaji kwenda mbali kuuona mtiki, kwa sababu msitu wa kupandwa wa Longuza uko jirani tu, wilayani Muheza.

Mninga na mkongo ni miti ya misitu ya miombo, ambayo Handeni inaifahamu vizuri. Imevunwa kiasi kwamba mwezi Novemba 2022, katika mkutano wa CITES uliofanyika Panama, jamii zote za Kiafrika za mininga na mikongo, pamoja na mikangazi, ziliwekwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa vibali. Mbao nzima ya mninga imekuwa ghali, na kabati linaloitwa la mninga dukani mara nyingi ni plaiwudi yenye ngozi ya mninga. Hatuoni ubaya wowote hapo, mradi muuzaji aseme hivyo. Ubaya uko kwa muuzaji anayenyamaza, maana mnunuzi atakayedhani ana mbao nzima atairanda, na pigo la kwanza la randa litamaliza ngozi yote.

Kwa nini inatuna

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena, maisha yake yote. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40, mbao hutulia ikiwa na maji ya asilimia 8 hivi ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukipanda hadi asilimia 80, maji ndani ya mbao hufika asilimia 16 hivi. Kadiri inavyokunywa ndivyo inavyotanuka, na hutanuka kwa upana wake, kukatiza nyuzi. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Vinia iliyolowa nayo hutaka kutanuka kwa upana, lakini imebanwa na gundi pande zote. Gundi ikiwa imara, vinia hutulia. Penye gundi dhaifu haina njia nyingine ila kupanda juu. Ikikauka hairudi yenyewe, kwa sababu gundi imeshakatika na nyuzi zimeshavutika.

Korogwe iko bondeni, kando ya mto Pangani na chini ya milima ya Usambara, na masika ya Machi hadi Mei huko ni mazito. Handeni iko juu zaidi na ni kavu zaidi. Kabati lililotengenezwa Chanika mwezi Januari, mbao zikiwa kavu, likahamishiwa Manundu mwezi Aprili, litatanuka. Linalokwenda upande wa pili litasinyaa, na litafungua maungio au kupasuka nyufa badala ya kutoa malengelenge. Kwa hiyo wanaoagiza fanicha kutoka wilaya moja kwenda nyingine waiache ndani ya nyumba wiki mbili tatu kabla ya kuipiga rangi ya mwisho au kuibana ukutani.

Lakini unyevu wa hewa peke yake mara chache hutosha. Kwa kawaida kuna maji yenyewe, na mahali lengelenge lilipo huonyesha yalikotoka. Likiwa sentimita chache kutoka sakafuni, kwenye mlango au mguu wa kabati, ni maji ya kudeki. Likiwa mviringo juu ya meza, tazama kilichokaa pale: sufuria ya moto, chupa ya chai, chungu cha maua kinachovuja. Handeni imezoea shida ya maji, nyumba nyingi huweka madumu na mapipa ndani, na tumeona mara nyingi pipa likisimamishwa bega kwa bega na kabati la nguo. Pipa la plastiki lenye maji ya baridi hutoa jasho asubuhi, na upande wa kabati ulioligusa ndio unaotuna.

Kuna pia lengelenge ambalo halina maji wala moto. Limekuwapo tangu kitu kinunuliwe, dogo, mahali pakavu. Hilo ni la kiwandani au la karakana: gundi haikufika, au palikuwa na vumbi, au vinia haikubanwa sawasawa. Ndilo rahisi kuliko yote kulitibu.

Je, ni vinia kweli?

Kabla ya kuwasha pasi, hakikisha unachoshika ni mbao. Fanicha nyingi mpya zenye sura ya mbao zimefunikwa karatasi iliyochapwa picha ya mbao, au ngozi ya plastiki. Moto wa pasi huikunja ngozi ya plastiki kama ganda la peremende, na karatasi hubabuka.

Tazama ukingo. Mistari ya mbao halisi ikifika ukingoni hukatwa tu. Kwenye karatasi, picha mara nyingi hukunja kona na kuendelea upande wa pili bila kujali kwamba pale palipaswa kuonekana kichwa cha mbao. Tazama pia kama kifundo au wimbi fulani linajirudia lilivyo, nusu mita mbali. Mti haujirudii. Mwisho, tafuta mahali pasipoonekana, kama nyuma ya droo, sugua kidogo kwa msasa laini kisha dondoshea tone la maji. Mbao hunywa na kuwa nyeusi kidogo. Plastiki huliacha tone limekaa juu.

Angalia na kilicho ndani. Ikiwa ni mbao ya chembechembe, ile inayoitwa chipibodi, au emdiefu, na imevimba kiasi kwamba ukingo umekuwa mnene kuliko sehemu nyingine, tunasema wazi: usipoteze gundi. Chembe zilizovimba hazirudi zilivyokuwa hata zikikauka mwaka mzima. Hapo hukatwa sehemu mbovu na kuwekwa mbao nyingine, au kitu kinaachwa kitumike kilivyo.

Milango ya flashi nayo ina mtego wake. Ndani ni mitupu, ina fremu na vibanzi vichache tu, na uso wake ni plaiwudi nyembamba ya milimita 3 hivi. Bonyeza uvimbe kwa kidole gumba. Kikicheza kipande kidogo chembamba, ni vinia. Ikicheza plaiwudi nzima na kugonga ndani, basi ni plaiwudi iliyoachana na fremu, na dawa yake ni gundi na skrubu, siyo pasi.

Gundi ndiyo inayoamua

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kushindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Gundi kongwe kuliko zote ni ya ngozi, iliyopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ukibahatika kuwa na meza au kabati la kale, la kurithi au lililotoka katika nyumba za zamani za mashamba ya mkonge, huenda ndiyo iliyotumika. Inalainika kwa maji na joto la nyuzi 60 hivi, na ikipoa inashika tena. Ukiigusa kwa kitambaa cha maji ya moto hunata, na hunuka ngozi iliyolowa.

Gundi nyeupe ya mbao, ya maji, inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, nayo hulainika kwa joto. Ikilowa hugeuka nyeupe na kuwa kama mpira. Gundi ya kugusisha, ile ya njano inayotumiwa pia na mafundi viatu, hutoa nyuzi kama bigijii ukiivuta, nayo hulegea kwa joto.

Ya nne ni gundi ya yurea-fomaldehidi, na ndiyo iliyo ndani ya plaiwudi nyingi za kawaida. Ni ngumu, inavunjika kama kioo chembamba, na haiyeyuki. Uipige pasi asubuhi hadi jioni, itaungua kabla ya kulainika. Tena aina hii haivumilii maji ya muda mrefu, na ndiyo sababu plaiwudi ya ndani huachana matabaka ikinyeshewa. Plaiwudi za kutoka India huwa zimepigwa muhuri: herufi MR ni ya kuvumilia unyevu wa hewa tu, na BWP ni ya kuvumilia hata maji ya kuchemka. Mlango wa bafuni wenye muhuri wa MR una siku zake za kuhesabu.

Kwa hiyo mama mwenye kabati akimwita fundi, asione haya kuuliza. "Fundi, chini ya hapa kuna gundi gani?" Fundi anayejibu, "Subiri kwanza mama, nigonge niisikie, halafu nijaribu pasi pembeni," ameshaonyesha kwamba anajua. Anayejibu kwa kutoa nyundo na misumari, mwambie akusubiri hadi wiki ijayo.

Kugonga, kukausha, kupiga pasi

Gonga kwa ukucha eneo lote. Penye gundi panalia kifu. Palipoachana panalia tupu, kama debe. Zungushia chaki sehemu yote inayolia tupu. Karibu kila mara ni kubwa kuliko uvimbe unaouona, na ukitibu uvimbe peke yake utarudi mwezi ujao, hatua moja pembeni.

Kisha ondoa maji. Hamisha pipa, ziba bomba, toa mlango kwenye bawaba. Acha kitu kikauke kivulini penye upepo kwa siku nne au tano, na kama ni masika, wiki au zaidi. Usikianike juani. Jua hukausha uso haraka kuliko ndani, vinia hujikunja na kupasuka, na hapo una matatizo mawili.

Kikishakauka, jaribu pasi kwanza, kwa sababu haikati chochote. Iwe kavu, bila mvuke, joto la wastani. Wenye pasi ya mkaa wapime kwanza kwenye karatasi ya kaki: ikiwa inageuka rangi ndani ya sekunde kumi, pasi ni ya moto mno. Na majivu yapulizwe nje kabisa, mbali na kazi. Weka karatasi ya kaki au kitambaa cha pamba juu ya lengelenge. Ikiwa ni gundi ya ngozi, kitambaa kiloweshwe na kukamuliwa vizuri. Kwa gundi nyeupe, kiwe kikavu. Pitisha pasi polepole kwa sekunde 10 hadi 15, inua, gusa, rudia. Vinia inapolainika utaisikia ikishuka chini ya mkono.

Sasa fanya haraka jambo ambalo wengi hulisahau. Ondoa pasi na ubonyeze hapo hapo kwa kitu baridi, bapa na kizito, kisha usikiguse hadi kila kitu kipoe. Joto limeilainisha gundi tu. Kushika kunatokea wakati wa kupoa. Anayepiga pasi na kuondoka kwenda kunywa chai atakuta lengelenge limemsubiri.

Pasi inaweza kuacha weupe kwenye vanishi au klia. Weupe huo uko kwenye rangi, haujafika kwenye mbao, na utaondoka ukirudia kupaka. Jaribu kwanza mahali pa kificho, hasa kwa kitu unachokipenda.

Gonga tena. Ikilia kifu, umemaliza. Ikilia tupu, gundi yako ni ya aina isiyoyeyuka au imeshakuwa vumbi, na sasa ni zamu ya wembe.

Wembe na sindano

Tumia wembe mpya au kisu chembamba chenye makali. Chana lengelenge kufuata nyuzi za mbao, kuanzia ncha moja ya eneo la chaki hadi nyingine, wembe ukiwa umeinama kidogo badala ya kusimama wima. Mchano uliofuata nyuzi hupotea machoni ukishapakwa klia. Mchano uliokatiza nyuzi utauona hadi siku utakapouza nyumba. Kama lengelenge ni dogo kuliko sarafu, usichane. Toboa tundu mbili kwa sindano, moja ya kuingiza gundi na nyingine ya kutoa hewa.

Vinia kavu huvunjika ukiinua. Ilaze kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache hadi ilegee, kisha inua upande mmoja wa mchano taratibu kwa ncha ya kisu cha mezani. Kwangua gundi ya zamani iliyokatika na upulize vumbi. Usiruke hatua hii, maana gundi nyeupe mpya haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokauka; inataka mbao.

Bomba la sindano hununuliwa duka la dawa, lakini sindano za watu ni nyembamba mno kwa gundi nzito. Nenda duka la dawa za mifugo. Handeni na Korogwe hazina uhaba wa maduka hayo, na sindano za ng'ombe ni nene kiasi cha kutosha. Kwa sindano za kawaida, yenye kitako cha rangi ya waridi ndiyo ya saizi ya 18, na inafaa. Iwe mpya, kamwe isiwe iliyokwishatumika kwa mtu au mnyama, na ukimaliza ifungie kwenye chupa ngumu kabla ya kuitupa, watoto wasiiokote. Gundi ipunguzwe kwa maji kidogo tu, ipite. Ikiwa nyepesi kama maziwa, umezidisha.

Ingiza gundi pande zote za mchano, kidogo kuliko unavyodhani inahitajika. Kisha kwa kidole, au kwa mgongo wa kijiko, sukuma kutoka pembeni kuelekea kwenye mchano ili gundi iliyozidi itoke. Ifute mara moja kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu gundi nyeupe ikikaukia juu ya mbao huzuia rangi kupenya na huacha doa. Ukibonyeza ukaona midomo ya mchano inapandana, vinia imevutika kuliko nafasi yake. Usiilazimishe. Acha midomo ipandane vizuri, pitisha wembe mpya juu ya zote mbili kwa mara moja, toa vipande viwili vyembamba kama uzi, nayo italala bapa.

Uzito, na kamba ya mkonge

Juu ya gundi weka kipande cha nailoni, kisha ubao ulionyooka, kisha uzito. Nailoni ni ya lazima. Gazeti litagandana na kazi na utabaki unasoma habari za mwaka huo kwenye mlango wako. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, lakini ganda la plastiki lililofungiwa shuka au godoro jipya linafaa vizuri.

Kuhusu uzito, ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu ina kilo 30 hivi, na mchanga haumwagiki kama maji. Tunasema hivyo kwa sababu watu hupenda kuweka dumu la maji, kisha linavuja usiku juu ya kazi ile ile iliyoharibiwa na maji. Kama uso umepinda, mfano ubavu wa kitanda cha kizamani, tia mchanga kwenye mfuko wa kitambaa. Utajilaza kufuata umbo. Mafundi wa zamani waliupasha moto mchanga huo kabla ya kuuweka, kwa gundi ya ngozi. Kwa mlango wa flashi, punguza uzito na tumia ubao mrefu unaolala juu ya fremu na vibanzi, la sivyo utausukuma uso wote ndani na kupata shimo mahali palipokuwa na uvimbe.

Mwenye jiriwa ya seremala ataitumia. Asiyekuwa nayo, na hapa Korogwe ina bahati yake, atumie kamba ya mkonge. Kamba ya katani haivutiki sana ikikazwa. Zungushia mlango wa kabati pamoja na ubao wa kubonyeza, funga, ingiza kijiti katikati ya kamba na ukisokote hadi ikaze kama ngoma, kisha kifunge kijiti kisirudi. Weka maboksi kwenye kona ili kamba isikate mbao. Acha saa 24. Wakati wa masika acha mbili mara hiyo, maana gundi ya maji hukauka polepole hewa ikiwa na unyevu.

Kingo zilizofunguka hutengenezwa kwa namna hiyo hiyo, ila hazihitaji mchano. Ingiza kipande cha msasa mwembamba chini ya ukingo, uvute mara kadhaa kusafisha, paka gundi kwa kipande cha karatasi ngumu, bana. Usishikilie kwa soloteipu. Ukiibandua inaondoka na nyuzi za mbao.

Palipokosekana kipande

Vinia ikiwa imeshavunjika na kupotea, weka kiraka. Kitafute kwa fundi, kwenye mabaki ya plaiwudi au mlango uliotupwa wa mbao ile ile. Kiraka cha mraba huonekana toka mlangoni. Kikate umbo la mtumbwi, ncha mbili kali zikifuata nyuzi, kwa sababu jicho hushika mstari unaokatiza nyuzi kuliko ule unaozifuata. Laza kiraka juu ya kidonda, nyuzi zielekee upande mmoja, na ukate vyote viwili pamoja kwa wembe mmoja; vitalingana bila kupima. Puti iwe ya nyufa ndogo tu. Kwenye eneo kubwa puti hunywa rangi tofauti na mbao na hubaki kama doa la ugonjwa.

Msasa ni wa mkono, namba 180 halafu 240, kufuata nyuzi, mara chache. Kumbuka nusu ile ya milimita. Mashine ya msasa huimaliza kwa sekunde kadhaa, na hakuna fundi atakayeirudisha. Vaa barakoa au funga kitambaa puani, kwani vumbi la mninga na mtiki huwasumbua watu wengi. Kisha paka klia au vanishi, mikono miwili hadi mitatu myembamba.

Ukingo ambao hakuna anayeupaka

Ukiwa umeutoa mlango kwenye bawaba, ugeuze na utazame ukingo wa chini. Kwenye milango tuliyoikagua ukingo huo karibu kila mara ulikuwa mbao tupu: haujawahi kuona klia wala rangi, kwa sababu mlango ulipakwa ukiwa umeshafungwa. Kichwa cha mbao hunywa maji kwa haraka sana kuliko ubavu wake, na kila siku ya kudeki ukingo huo husimama kwenye unyevu. Malengelenge ya mlangoni mengi huanzia pale na kupanda.

Upake mikono mitatu ya klia au rangi ya mafuta, na ukingo wa juu pia, na tundu la kitasa kwa ndani. Ukifunga tena, acha nafasi ya angalau sentimita moja kutoka sakafuni. Kwa kabati, weka vipande vya tairi au mpira chini ya miguu ili isisimame majini, na lisogeze kidogo kutoka ukutani, upana wa vidole vinne, hasa ukuta unaolowa mvua kwa nje.

Wakati mzuri wa kazi hii kwetu ni Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi Septemba, mbao zikiwa zimetulia. Anayeanza Agosti ana muda wa kukausha, kubandika, kupaka na kurudisha mlango mahali pake kabla ya vuli ya Oktoba kuanza kunyesha.